Siku Ngabo Aliposhuka Bukaza

Kaka yangu Élie alimpenda mtu ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, na mapenzi hayo ndiyo yaliyotumaliza. Mtu huyo aliitwa Ngabo. Alikuwa baba wa babu yetu, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kufyeka msitu wa kilima cha Bukaza, huku Masisi, wakati hata njia ya kupandia haikuwapo. Mimi ni Bénédicte, mdogo wake Élie. Nasimulia kwa hasira kwa sababu sijui kusimulia jambo hili kwa namna nyingine.

Élie Dusabimana alizaliwa Bukaza. Aliondoka huko akiwa mgongoni mwa mama, mimi nikiwa bado tumboni, siku milio ya bunduki ilipofika kilimani. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kambini: Kashuga, kisha kambi nyingine, kisha Kashuga tena. Alijifunzia kutembea kati ya vibanda vya turubai, akaoa humo humo, akazika watoto humo humo. Kazi yake ilikuwa kulima kwa watu. Asubuhi anasimama barabarani na jembe lake, na anayehitaji mikono anamchukua. Kwa mtu asiye na hata tuta moja la kwake, alilima vizuri kupita kiasi. Maharage aliyoyapalilia ungeona haya kupita katikati yake. Mke wake, Mapendo, alimwita Papa Bukaza kwa utani, maana uanze naye habari ya mvua, uanze naye habari ya bei ya chumvi, yeye atakufikisha kilimani tu.

Habari za Ngabo alizipata kwa baba yetu, Hubert Hakorimana, kabla kifua hakijamuua njiani mara ya pili tulipokimbia. Ngabo, walisema, alifika na panga moja na jembe moja. Wenzake walipouona ule msitu walirudi walikotoka. Yeye alikwenda kwa mwami, mtawala wa huko, na mbuzi na kibuyu cha pombe ya ndizi, akaomba mahali pa kulima, akapewa. Mwaka wa kwanza nguruwe wa porini walikula kila kitu. Mwaka uliofuata baridi ilimwulia mtoto. Akabaki. Ndizi zikashika, maharage yakashika, na watu wengine ndipo walipoona kwamba kumbe Bukaza mtu anaweza kuishi. Élie aliyasimulia haya kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyekuwa akishika upande wa pili wa gogo.

"Kaka," nilimwambia mara nyingi, "ule mutu alishakufa zamani. Weye utafute unga."

"Unga iko Bukaza," alinijibu, akicheka.

Mama yetu, Mukankusi, yeye hakucheka. Alikuwa amezeekea kambini, miguu imevimba, na alibakiwa na ombi moja tu duniani: akifa, azikwe Bukaza, karibu na kaburi la mtoto wake wa kwanza na la huyo Ngabo, mzee wa ukoo alikoolewa. Kulala milele katika makaburi ya kambi aliona ni aibu kuliko kifo chenyewe.

"Musinizike huku," alituambia. "Huku hatuna mutu wa kutupokea. Élie, utanipandisha?"

"Nitakupandisha, Mama," Élie aliapa, nami nilikuwapo.

Basi bunduki zikanyamaza kidogo, tukasikia kwamba mambo ya mashamba yangetazamwa. Bukaza ilikuwa imekaliwa na Valens na watu wake. Hao nao walikuwa wamekimbia kwao. Walikuta shamba halina mtu, wakalima. Siwezi kuwatukana kwa hilo. Valens alisema mbele ya watu kwamba mwenye haki aonyeshe haki yake, naye atashuka bila ugomvi.

Akaja bwana mmoja kutoka biro, yaani ofisi ya mashamba, dosie ya karatasi zake kwapani, akaketi pale Bukaza na wazee wa kilima. Élie akatoa kadi za ubatizo: yake, ya baba, na ya babu yetu Habumugisha. Lazima nieleze hapa kwamba kwetu hakuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake peke yake, na ukitaka kupanda kwa wazee wako, unasoma kwenye kadi yako "mwana wa fulani," kisha unatafuta kadi ya huyo fulani. Yule bwana alizipanga kwenye magoti yake, akakunja uso.

"Dusabimana, Hakorimana, Habumugisha," alisoma. "Hata jina moja haifanane."

Élie akamweleza. Bwana akafuata kwa kidole, kadi baada ya kadi, mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba Habumugisha ni mwana wa Ngabo.

"Ni sawa. Weye ni wa Ngabo, nimekubali. Lakini ni nini inaonyesha kama Ngabo alikuwa mutu wa hapa?"

Mzee wa kilima, ambaye ndiye mkubwa wa baraza pale, alinyoosha fimbo yake kuelekea kaburi. "Ngabo njo ule. Iko pale. Kila mutu anajua."

"Kaburi haiingie mu dosie, Muzee," bwana akasema. "Munitafutie document." Akaahidi kurudi baada ya mavuno.

Hapo ndipo akili ya kambi ilipomponza kaka yangu. Sisi tuliokulia kambini tumelelewa na karatasi. Bila jeton, kile kipande cha kupokelea mgao, huli. Bila karte hutibiwi. Jina lako lisipoitwa siku ya mgao, ni kama hukuzaliwa. Kwa hiyo mzee aliposema kaburi, Élie alisikia maneno ya uzee tu. Bwana aliposema document, alisikia chakula na nyumba na mama yake amepandishwa kilimani. Namwelewa kabisa, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Alianza kuitafuta kadi ya Ngabo, akitumaini kilima chake kiliandikwa humo. Tulijua kwamba alibatizwa uzeeni, katika misheni moja upande wa Walikale, alikokuwa akipeleka maharage na kurudi na mawese. Élie akaondoka. Alitembea, akapandishwa pikipiki pale alipoonewa huruma, akapita Pinga, akaingia kwenye ule msitu ambao mvua yake haijui kukatika. Ile misheni aliikuta imebaki kuta na nyasi, na vitabu vyake hakuna aliyejua vilikokwenda. Wakristo wa pale walimwombea, wakampa mihogo na kipande cha nyama ya porini, wakamwambia aendelee mpaka Mpofi, kwa shangazi yetu Victorine, dada ya baba, aliyeolewa huko.

Shangazi alikuwa haoni tena. Alimpapasa Élie usoni, akamjua kwa pua ya ukoo wetu, akalia sana. Kisha akamwambia kile alichokuwa amekifuata.

"Siku babu anakufa, mimi nilikuwa kabinti, nilikuwa pale. Karte yake tuliiweka mu mikono yake, pamoja na rozari. Tuliitia mu kopo ya maziwa, maji isiiguse. Huku chini ilikuwa imemaliza kazi. Kule juu njo bangemuuliza."

Maana hiyo ndiyo desturi yetu: kadi ya ubatizo haibaki duniani, huenda na mwenyewe. Kadi ya babu na ya baba zilibaki mikononi mwetu kwa sababu wote wawili walikufa wakikimbia, wakafunikwa udongo haraka haraka, bila sala wala mikeka. Tulichoita nyaraka za familia kilikuwa mabaki ya watu waliozikwa vibaya.

Élie alimshukuru shangazi, akalala, akaondoka. Hakumuuliza kama anaweza kuichukua ile kadi. Nadhani hakuuliza kwa kuwa aliliogopa jibu.

Wala hakupitia Kashuga kutuambia. Alikwenda moja kwa moja Bukaza, na kwa kuwa jembe lake lilikuwa nyumbani, alimwomba Valens. Valens akampa. Hakumuuliza la kufanyia nini, na alipoona anaelekea kaburini hakumwita arudi. Watu husema nisimhukumu mtu kwa mawazo yake. Mimi namhukumu. Alijua.

Élie alichimba kwa adabu, kama alivyolima. Alizikuta punje za rozari kwanza, kisha mifupa, kisha kopo. Kutu ilikuwa imelila pande zote. Ndani mlikuwa na tope jeusi, basi. Alilichambua tope lile kwa kucha, aliniambia, akitafuta hata herufi moja.

Alipoinua kichwa, watu walikuwa wamejaa ukingoni, na mzee wa kilima amesimama mbele yao, kofia mkononi.

"Élie, unafanya nini?"

"Ninatafuta karte yake, Muzee. Ya kuonyesha kama alikuwa wa hapa."

"Unamuhamisha."

"Hapana, Muzee! Ninamufunika sasa hivi."

Yule mzee akaanza kulia, na nadhani machozi yake yalikuwa ya kweli. Bukaza, alimwambia, mtu anayekimbia vita huwaacha wafu wake ardhini, ili wamkalie mahali mpaka arudi. Anayehama kabisa huwachimba akaenda nao. Ndivyo walivyofanya wote walioacha kilima kile kwa hiari yao, na ndivyo wazee walivyojua nani amekimbia na nani amehama. Miaka yote ile Valens alilima kuzunguka kaburi bila kuligusa, kwa kuwa Ngabo alikuwa amekaa pale kwa ajili yetu. Mvua na vita havikumwondoa. Aliyemwondoa alikuwa kitukuu chake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu.

"Sisi tulikuwa na weye," mzee akasema. "Tungekutetea mpaka mwisho. Sasa tutasema nini? Umemutosha mu kaburi yake kwa mukono yako."

Élie akapiga magoti kwenye ule udongo, akaomba aruhusiwe kumrudisha. Wakakataa. Kwao, shimo lililotoa mtu halipokei mtu yule yule tena. Hurudi kuita mwingine wa nyumba hiyo. Mwanamke mmoja akamletea gunia safi, akamsaidia kukusanya. Valens alichukua jembe lake, akaenda zake.

Bwana wa biro aliporudi, wazee walimweleza: huyu ni wa Ngabo, na Ngabo alikuwa wa hapa, lakini amemhamisha. Bwana akaandika, na shamba likabaki kwa Valens. Kaburi lilikataa kuingia kwenye dosie lilipokuwa zima; lilipobomolewa liliingia bila shida.

Siku Élie aliposhuka, mimi nilikuwa naosha miguu ya mama. Tulimwona mlangoni, gunia limekumbatiwa kifuani, uso umebadilika mpaka nikadhani ni mgonjwa.

"Umeleta nini, mutoto yangu?" mama akauliza. "Ni maharage?"

"Ni babu."

Mama alizaliwa na kuolewa kwenye vilima vile. Hakuhitaji kuelezwa. Nilingoja apige kelele, alaani, amfukuze; ningefurahi kama angefanya hivyo. Alivuta miguu yake kutoka kwenye beseni, akajigeuza akatazama turubai. Hakumlaumu Élie siku ile wala siku nyingine, ila hakuzungumza tena habari za kupandishwa. Chakula alikionja tu ili kuturidhisha. Mvua za masika zilimkuta bado yupo, hazikumwacha.

Tulimzika Kashuga, kwenye mteremko wa makaburi ya kambi, kadi yake ya ubatizo mikononi. Élie alikuwa ameomba mashimo mawili. La pili lilikuwa fupi. Mtu wa kamati ya kambi, ambaye huandika waliokufa, aliona gunia akataka kujua.

"Huyu naye njo nani? Alitoka wapi?"

"Ni Ngabo," Élie akasema. "Alitoka Bukaza."

"Alikuya lini?"

"Juzi-juzi."

Yule mtu akamwandika miongoni mwa waliokimbia. Tuliweka mawe, tukasali, watu wakatawanyika. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kaka yangu yote niliyoyabeba tangu siku ile, na nilishafungua mdomo. Alikuwa ameketi kati ya yale makaburi mawili, mikono imelala wazi juu ya magoti.

"Dada," akasema, "Mama alisema huku hakuna mutu wa kumupokea. Sasa iko naye."

Kisha akalala kifudifudi juu ya udongo mbichi, akalia kwa sauti, mtu mzima wa umri ule, na watu wa vibanda vya karibu wakatoka kutazama.