Kengele ya Ng'ombe Kwenye Lambo la Kisaka

Enzi zetu, hewa ya kupumulia chini ya maji ilitoka kwa fundi baiskeli. Msicheke. Ninyi mliokulia vijiji vya ujamaa mnajua jinsi tulivyofua kwa majani ya mpapai sabuni ilipoadimika, tukala ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, mpaka tukauota, na kila kitu kilipatikana kwa kufahamiana na mtu. Hewa tuliipata kwa Mzee Salumu, fundi wa sokoni Mugumu, aliyempa baba mipira ya ndani yenye viraka vingi kiasi kwamba haikufaa tena barabarani.

Naandika haya kutuliza moyo. Gati, mjukuu wa dada yangu, yuko Unguja. Leo ameingia baharini na mtungi wa hewa mgongoni, kwa raha zake tu, na simu yake haipatikani tangu asubuhi. Dada yangu Bhoke yuko hapa ubavuni kwangu, anachambua ulezi kwenye ungo, anajifanya hana habari. Ila simu ameiweka mapajani.

Mtu wa kwanza niliyemwona akizama kwa starehe alikuwa mtaalamu wa maji, mzungu mrefu aliyekuja na Landrova kukagua bomba la lambo letu pale Kisaka. Lambo lilikuwa jipya, limechimbwa kwa katapila, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Alivaa miwani iliyofunika mpaka pua, na viatu kama miguu ya bata, akabeba mtungi, akapotea. Mapovu yakaanza kutokota juu ya maji. Wanaume waliokuwa wakinywesha ng'ombe walirudi nyuma, na bibi mmoja akaanza kumlilia kabisa, kilio cha msiba. Alipoibuka tukapiga makofi. Kilichotushinda ni kwamba kazi ilikuwa imekwisha, bomba limekaguliwa, lakini yeye akarudi tena majini, akakaa huko weee, akatoka anacheka. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kuna nini cha kuona kwenye tope.

Bhoke alitaka kwenda kuangalia mwenyewe. Alikuwa amenitangulia miaka michache, mwembamba, mbishi, na mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi kama nilivyo mzee wa wasiwasi. Tulijaza mpira mmoja kwa pampu ya baba, akauvaa shingoni, akang'oa kile kidude cha kwenye vali na kuziba tundu kwa kidole. Akitaka hewa, anaachia kidole na kunyonya. Nilijaribu mara moja kwenye maji ya magotini, nikakohoa mpaka machozi. Hewa ile ilikuwa na ladha ya gundi ya viraka. Vijana wa siku hizi wanavaa saa ya kuwaambia hewa imebaki kiasi gani. Sisi tulijua imekwisha pale macho yalipotutoka.

Shida ilikuwa moja: mpira uliojaa hewa hauzami. Kila alipojitupa chini ulimrudisha juu kama kizibo. Basi Bhoke akaingia jikoni kwa mama, akachukua jiwe la kusagia, lile la mkononi, zito na laini kwa miaka ya kazi, akalifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Ili nisilie, alitundika kengele ya ng'ombe kwenye tawi la mgunga ukingoni, akaifunga uzi mrefu, ncha ya pili akajifunga mkononi.

"Ikilia ujue nipo," aliniambia.

"Na ikinyamaza?"

"Kwani itanyamaza? Wewe Robi, acha uoga."

Siku hiyo watu wazima wote walikuwa shamba la kijiji wakipalilia pamba. Bhoke akatembea majini mpaka yakamfika kidevuni, akainama, akatoweka. Nami huku ukingoni nikabana pumzi pamoja naye, maana niliona ndiyo namna ya kumsaidia. Kengele ikalia, nikafurahi. Ikalia tena. Halafu ikalia kwa fujo, ng'ang'ang'ang'a, nikadhani ananitania. Halafu kimya.

Nilishindwa kubana pumzi zaidi, nikaiachia, na kengele bado kimya. Nikavuta uzi. Ulikuwa umekaza, na nikaogopa ukikatika nitabaki na nini. Kumbe katani ikilowa inakaza. Hewa ilikuwa imemwishia, fundo la kiunoni limegoma, na jiwe limemshika chini. Sikujua kuogelea. Nilipiga kelele, sauti ikatoka nyembamba, hata ng'ombe hawakugeuka. Sijawahi kuogopa vile tena maishani.

Ndipo nikasikia mama anakuja kwa hasira. Alikuwa ametolewa shambani mapema kuwapikia wageni wa wilaya, amekuta ulezi upo, jiwe hakuna.

"Robi! Jiwe langu liko wapi?"

"Kiunoni kwa Bhoke."

"Na Bhoke yuko wapi?"

Nikaonyesha uzi, ulivyotoka kwenye kengele na kuishia kwenye maji.

Mama alikimbilia ukingoni. Hakujua kuogelea wala hakuwahi kuingia lambo lile zaidi ya vifundo vya miguu. Aliushika ule uzi, akaufuata na kitenge chake na kilemba chake, akamwita Bhoke kwa lugha ya nyumbani, mpaka maji yakamfunika na yeye. Niliona kilemba kikielea peke yake. Kisha akatokea, amembeba binti na jiwe pamoja, wote rangi ya tope.

Bhoke alitapika maji, akalia. Nikasubiri fimbo. Mama alikaa chini, kisha akanyoosha mkono akaikata kengele kwenye tawi na kumfunga Bhoke kiunoni, palepale lilipokuwa jiwe. Akavaa ile kengele msimu mzima wa pamba, shuleni na kisimani, wenzake wakimcheka na kumwita ndama. Mama akiwa anasaga, ikilia huko nje, alisema "haya" bila kuinua kichwa, akaendelea. Isipolia, jiwe lilisimama.

Wa siku hizi wana mitungi imara, wana mwalimu pembeni, wana picha za samaki wa rangi zote. Sisi tuliona tope. Lakini ule uzi ulifika mkononi mwangu. Huyu Gati bahari imemchukua mzimamzima, na mimi nimeshika nini? Nimempigia tena sasa hivi, sauti ya mwanamke asiyenijua inaniambia hapatikani. Bhoke ameacha kuchambua. Ungo umetulia mapajani, mikono juu ya ulezi, na tunasikiliza simu ambayo hailii.

Imelia. Mlio mdogo tu, wa ujumbe, jina la Gati kwenye kioo. Bhoke hakuusoma hata kidogo.

"Haya," akasema, akarudi kwenye ulezi wake.