Kadi Mahali pa Faili

Miaka ile ya soko huria, kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia Dodoma, mimi na mwenzangu wa ofisi tuliandika programu ya kutafuta mafaili. Ilikuwa programu huria: msimbo wake uko wazi, anayetaka autumie, aurekebishe, ampe na jirani. Tulikuwa vijana, tukajiona tumeshaikomboa serikali nzima.

Jambo moja lilitushinda kuamua. Kumbukumbu za ofisi zilitawanyika, nyingine kwenye disketi, nyingine kwenye sidii, nyingine kwenye seva iliyozimika kila umeme ulipokatika. Programu ilihitaji tabaka la katikati, ili mtu aombe faili kwa namba yake tu bila kujua limehifadhiwa wapi. Tulikuwa na matabaka mawili ya kuchagua. La kwanza nililiandika mimi kwa miezi sita, jepesi, lenye kasi, na nililipenda kupita kiasi. La pili aliliandika mtu wa Ulaya tusiyewahi kumwona, akaliweka bure mtandaoni. Mwenzangu alilipakua vipande vipande, disketi baada ya disketi, kwenye mgahawa wa intaneti karibu na stendi. Nilimwambia ni zito kama gunia la mtama, na nilimwambia hivyo kila siku.

Mkuu wetu alisema hakuna programu itakayoingia masjala bila ridhaa ya mama wa masjala. Huyu alikuwa karani aliyetunza mafaili ya watumishi tangu sisi hatujazaliwa, na alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alikuja kazini kutoka Mkonze na kikapu cha zabibu, na kompyuta hakuziamini hata chembe. Angekataa, kazi yetu ingeishia kwenye droo, naye angeondoka na masjala yote kichwani mwake. Hilo lilininyima raha.

Masjala ile ilikuwa na desturi yake. Faili likitoka rafuni, mahali pake hubaki kadi: nani kalichukua, na lini. Kwa hiyo mama hakusema kamwe kwamba faili halipo. Karani akisema hivyo, ofisa hufungua faili la muda, na mtumishi anabaki na mafaili mawili yasiyojuana. Mwalimu mmoja wa Kondoa yalimkuta. Barua yake ya kupandishwa cheo iliingia katika faili moja, wakubwa wakasoma jingine, naye akapanda basi kuja Dodoma mara tano kuuliza kulikoni. Mama alikisimulia kisa hicho kwa hasira, kana kwamba kilitokea jana.

Siku ya majaribio tulimwamkia, tukamwekea kiti. Nilianza na tabaka langu. Akaomba faili moja lililokuwa kwenye disketi, likaja kufumba na kufumbua. Nikavimba kichwa. Kisha mama akabonyeza kitufe, akachomoa disketi, akaitia kwenye mkoba wake, akaomba faili lile lile tena. Skrini ikaandika: Faili halipo.

Alinitazama kidogo. "Mwanangu, faili liko humu mkobani mwangu. Hiki chombo chako kinasema uongo, tena kwa haraka."

Mwenzangu alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tabaka la yule mgeni lilijikokota. Mama alilisubiri huku akila zabibu. Akachomoa disketi, akaomba tena. Likajibu kwamba faili lipo, ila disketi yake imetolewa, tafadhali irudishwe. Mama akasema aliyeandika hilo lazima amewahi kufanya kazi masjala.

Kesho yake nililifuta langu, miezi sita yote, na cha ajabu nilikuwa nacheka. Halafu nikaliongezea la mgeni kitu kimoja: kadi. Disketi ikitoka, programu inaandika nani kaichukua na lini. Tulimtumia mwandishi wake nyongeza hiyo kwa barua pepe, tukamsimulia mama na mkoba wake. Alifurahi, akaiingiza katika toleo lililofuata. Kwenye orodha ya waliochangia, chini ya majina ya watu wa nchi nyingi, aliandika: Mama wa masjala, Dodoma.

Niliichapa orodha hiyo nikampelekea siku yake ya mwisho kazini. Aliisoma polepole, mara mbili. Akaniomba nishushe faili lake mwenyewe, kwa kuwa kwa sheria mtumishi hashiki faili lake, na yeye hakuwahi kulishika.

"Barua za pongezi za watu nimezifaili mimi miaka yote," alisema. "Humo haijaingia hata moja. Ingekuja ningeiona ikipita mezani kwangu."

Nilitoboa karatasi ile, nikaifunga kwa uzi, nikaandika namba ya ukurasa kwa wino mwekundu, yeye akisimamia. Alihakikisha namba, kisha akafunga kikapu chake.

"Lirudishe mahali pake," akaniambia. "Wasije wakasema halipo."