Ngozi Nyuma ya Masanja

Wiki iliyopita nilikuwa nasubiri usaili wa kazi kwenye korido iliyopakwa rangi karibuni. Harufu ya rangi ya mafuta na tineri ilinipanda kichwani, nikasahau majibu yote niliyokuwa nimekariri. Nikamkumbuka baba, na damu.

Baba alichora watu kwenye kuta za maduka pale Bariadi. Aliniambia kazi ya mtu inaonekana mikononi na kwenye vitu vinavyomzunguka, lakini tabia yake iko machoni. Hakuwahi kumfichia mteja hata kovu. Masanja, mwenye bucha jirani yetu, baba alimchora ameshika kisu, macho yakicheka kama kawaida yake. Nyuma yake alichora ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokuwa imetundikwa buchani siku ile, pamoja na alama ya moto iliyokuwa kwenye ngozi hiyo: duara lenye mkia.

Rangi ilikuwa haijakauka vizuri walipofika wafugaji watatu kutoka Kimali, wakifuatilia ng'ombe wao walioibwa. Ngozi yenyewe ilishauzwa. Mmoja akausogelea ukuta.

"Jamani, alama yetu hii!"

"Sijaiba ng'ombe wa mtu, ndugu zangu," alisema Masanja.

"Hujaiba? Na hapa ukutani unatucheka!"

Fimbo ya kwanza ilimpata sikioni. Watu wakajaa, mawe yakaokotwa, mtu akapiga kelele liletwe tairi. Masanja alikuwa chini, damu ikimtoka puani, akitaja majina ya watoto wake.

Baba akapenya, akamlalia.

"Alama nimeibuni mimi! Ngozi haikuwa na kitu!"

"Mchoraji, unatuchezea?"

Wakamgeukia. Walimpiga mpaka mkono wa kulia ukavunjika. Nilisikia ukilia kama kuni kavu. Polisi walipofika, wote wawili walikuwa bado wanapumua.

Nilimwonea baba aibu kwa miaka. Alama ile ilikuwepo kwenye ngozi, niliigusa kwa kidole changu kabla haijauzwa. Baba yangu mwongo, niliwaza, tena mbele ya Bariadi nzima.

Nilipofika chuo ndipo nilipomuuliza kama Masanja aliiba kweli. Nilitarajia aseme aliona wema machoni mwake.

"Sijui, ng'wanawane," alisema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Niliona wanataka kumchoma."

Basi. Ningekuwa mimi, tairi lingewaka nikiwa bado nafikiria.