Karuho ya Mama Furaha

Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, na mdomo usiotulia, siku mtaa wetu wa Kadutu uliposema nimelishwa karuho. Karuho ni sumu ya wivu: jirani huificha chini ya ukucha, anakupa chakula huku anacheka, nawe unakauka pole pole. Koko, bibi yangu, alikuwa amenionya: "We mutoto, kula-kula kwa watu, siku moja utanyamaza."

Asubuhi ile nilikula kiazi kwa jirani yetu Mama Furaha. Niliporudi, mama alikuwa anapika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba. Kando ya ua palikuwa na kikombe cha soda ya sabuni, ile dawa kali inayounguza, imeyeyushwa, inang'aa kama maji. Kiu ilinishika. Nikapiga funda moja.

Moto! Nikataka kulia, sauti haikutoka. Mate yakanitiririka hadi kifuani, kumeza siwezi.

"Alikula wapi?" Koko akauliza.

"Kwa Mama Furaha," mama akajibu.

"Karuho! Sikusema?"

Mimi nikaonyesha kikombe kwa kidole, nao wakaona naonyesha nyumba ya Mama Furaha! Koko akakoroga maji ya chumvi ili nitapike. Majirani wakajaa, wanamtukana yule mama.

Mama Furaha akavuka ua bila viatu. "Mutanifukuza kesho. Leo muache nione mutoto."

Akanigeuza uso kwenye jua. Midomo imevimba, imekuwa myeupe, ulimi vilevile. Akashika vidole vyangu.

"Vinateleza kama sabuni. Karuho gani inaunguza midomo? Huyu amekunywa soda! Koko, hapana, usimutapishe! Imechoma ikishuka, itachoma tena ikipanda."

Akanisukutua kwa maji safi, nikatema, akanivua nguo iliyolowa, akanifunga mgongoni kwa kitenge, mbio hospitali. Mama nyuma, na kile kikombe mkononi, waganga wa hospitali wakione.

Niliporuhusiwa kula, uji ulitoka kwa Mama Furaha. Koko akauonja kwanza. Akaonja tena.

"Bado sijahakikisha," akasema, bakuli limefika nusu.

"Koko, karuho itakuua!" nikasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Ongeza sukari, ndiyo nitajua."

Sauti yangu ilirudi, na haijapumzika tangu hapo; waulizeni wajukuu. Soda yangu ya sabuni inakaa juu, kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye kikombe. Watu bado wanataja karuho, nami sibishani nao. Nawaambia tu: kwanza mufungue mutoto kinywa, muangalie. Maana Mama Furaha angeogopa matusi abaki kwake, kaburi langu ndilo lingemshitaki, na hakuna ambaye angeuliza kikombe.