Ufa Alioujaza kwa Gundi

Sayi Masele alikuwa amekereza miguu ya vitanda mjini Bariadi kwa miaka kumi na tisa. Mashine ya kukerezea aliiunda mwenyewe kwa mota ya kinu kilichokufa, na patasi zake alizifua kwa springi za gari.

Mwezi wa tatu mwaka jana aliona ufa kwenye kipande cha mninga, mwembamba kama unywele. Kilikuwa kipande cha mwisho, na mwenye kitanda alikuwa anakuja siku hiyohiyo. Sayi akaujaza ufa kwa gundi na vumbi la mbao, akakifunga kwenye mashine.

Mkewe, Nyamizi, akaingia na uji. "Baba Joyness, zima kwanza unywe."

"Namalizia shingo ya mguu huu."

Patasi ilipoingia, mti ulipasuka. Kipande kiliruka, kikampata Nyamizi usoni. Hospitali waliokoa jicho moja tu.

Ndugu walikuja kutoa pole, wakasema ni ajali. Sayi hakuwapinga. Alifunga karakana, akawa anachuma pamba kwa shemeji yake. Kila alipomwona Nyamizi akimimina chai pembeni ya kikombe, alitoka nje.

Miezi minne ikapita. Ndipo Nyamizi alipoanza kusema kwamba aliyemloga ni jirani yao, bibi Nyanjige, mjane anayeishi peke yake. Kaka zake Nyamizi walishaanza kuuliza nyumba ya bibi huyo ni ipi.

"Si yeye," Sayi akasema. "Ule mti ulikuwa na ufa. Niliuona, nikaupaka gundi."

Nyamizi aliweka birika chini. "Uliuona?"

"Niliuona."

"Ukaniacha nisimame pale."

Nyamizi hakulala nyumbani siku ile. Alipita kwanza kwa bibi Nyanjige, akapiga magoti kumwamkia, akawapigia kaka zake simu wasije. Kisha akapanda bodaboda kwenda kwa dada yake anayeishi Sapiwi.

Alirudi baada ya majuma matano. Hakusema kama amesamehe, na Sayi hakuuliza.

"Fungua karakana, watoto wapate kula," alisema. "Lakini usifunge kipande sijakiona."

Tangu hapo Nyamizi huvipeleka vipande mlangoni penye mwanga, akavigeuza taratibu, akipitisha ukucha kila upande. Juzi alikataa vinne kati ya sita. Sayi alivitupa kwenye kuni, akasimama kando ya mota, mkono kwenye swichi, akimngoja atoke nje.