Sanduku Langu Uani

Jamani, kumbe kupunguza vitu chumbani ni kesi!

Leo asubuhi nimeamua chumba chetu kipumue. Nataka kitanda, shuka nyeupe, ukuta mweupe, basi. Nikatoa sanduku langu, sanduku la mume wangu na rundo la mablanketi, nikapanga uani karibu na migomba.

Mama mkwe, jirani yetu ng'ambo ya shamba la kahawa, akaona. Huku kwetu Nyabiyonza, sanduku la mke likionekana nje, watu wanajua ndoa imekwisha.

Akaja mbio, akanishika mikono.

"Mwanangu, usirudi kwenu. Tutaongea."

"Shikamoo mama. Napanga chumba tu."

"Marahaba. Usinifiche."

Nilikasirika, wenzangu! Yaani mtu hata chumba chake asikiguse? Na kumbe alishampigia mwanawe simu, aliyeko Nkwenda kununua ndizi.

Simu yangu ikaita. Mume wangu huyo, analia. Analia! Sijatamka neno, keshaanza:

"Mke wangu, nisamehe. Yule mwanamke wa hapa Nkwenda nimeshaachana naye, naapa."

Mwanamke yupi?

Mimi nilikuwa sijui lolote. Nimesimama pale na ndoo ya chokaa mkononi.

Niambieni ukweli, mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mama mkwe bado yuko hapa, ananisihi nirudishe vitu ndani. Nimemsikiliza. Sanduku langu nimerudisha.

La mwanawe liko palepale uani, na wingu la mvua hilo linakuja.