Drili ya Betri Imeniumbua Dukani

Leo nimemwita mzee wetu wa kanisa mwizi, mbele ya duka zima, hapa Kasulu mjini.

Yeye ndiye mwenye duka. Nilienda kununua drili ya betri, nitundike mapazia kabla wakwe hawajafika Jumatatu.

Akaijaribu kwa betri yao ya dukani. Ikanguruma vizuri.

Nikasema, "Sasa weka yangu, ya kwenye boksi." Mimi si wa kuchezewa!

Akaiweka. Nikaishika, nikaigeuzageuza kuikagua, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Watu wakaacha kuchagua misumari, wakanitazama.

Jamani, nilipandisha hasira. "Kumbe ndivyo mnavyotuibia! Na Jumapili unatusomea Neno!"

Mzee alivaa miwani, akaichukua drili polepole, akasukuma kitufe cha pembeni. Kumbe nilipokuwa naikagua nilikisukuma mwenyewe, drili ikajifunga.

Ikanguruma.

Akanikabidhi na boksi lake. "Wasalimie nyumbani, mwanangu."

Afadhali angenitukana.

Mapazia bado yako kitandani. Drili naona aibu hata kuigusa.

Na kesho anahubiri yeye. Wapendwa, nimfuate kwake leo hii, au nikasali kanisa la mbali, kule Buhigwe?